Mpira Uliopita Pembeni

Rofinus Wangge hakuwa mtu wa kumwomba Mungu ushindi, na mji mzima wa Ende ulilijua hilo. Asubuhi alikuwa mwalimu wa dini katika shule ya sekondari, jioni alikuwa kocha wa Bintang Iya, timu iliyofika fainali ya Kombe la Kisiwa mara kadhaa na kila mara ikarudi mikono mitupu. Ujanani alisoma seminari mpaka akakaribia upadri, akatoka, akaoa. Watu walisema upadri uliombakia alikuwa anaumalizia kwa wachezaji.

Kabla ya kila mechi aliwapanga duara, Wakatoliki na Waislamu, wakashikana mabega.

"Mungu havai jezi," aliwaambia. "Usimwombe goli. Mwombe usimvunje mwenzako mguu, na usiwe mwongo uwanjani. Kiongozi ni yule ambaye hata akifungwa, unaweza kumwachia funguo za nyumba yako."

Kisha alianzisha Baba Yetu. Waislamu walikunjua viganja na kusoma yao kimoyomoyo, wakiongozwa na Usman Gedo, msaidizi wake. Usman zamani alikuwa winga wa kushoto asiyekamatika. Sasa alikuwa na kitambi na duka la vyombo karibu na bandari.

"Rofi, hata leo?" Usman alimnong'oneza siku ya fainali. "Goli moja tu, usimwambie?"

"Mwambie wewe."

"Mimi nimeshamwambia. Ila tukiomba wawili atasikia upesi."

Rofinus hakucheka. Si kwamba hakutaka kushinda. Alitaka mno, na kwa sababu alitaka mno aliona ni hatari kulipeleka jambo hilo mbele ya Mungu, kama mlevi anayeogopa kupita karibu na kilabu. Mambo hayo hakuwahi kumwambia mtu.

Nahodha wake alikuwa Siprianus Sega, kiungo mwembamba aliyeendesha bodaboda stendi ya sokoni. Sipri hakuwa msemaji. Hakubishana na marefa, hakujiangusha, na akimchezea mtu rafu alimnyanyua mwenyewe. Kulikuwa na wachezaji wenye sauti kubwa kuliko yeye waliodhani kitambaa cha unahodha kingewafaa zaidi, lakini Rofinus alimchagua yeye. Kila alipokutana na makocha wengine alimtaja kama mtu anavyomtaja mwanawe aliyefaulu mtihani.

Fainali ilikuwa nyumbani, dhidi ya Putra Egon ya Maumere, mji wa pwani ya pili ya kisiwa. Malori ya mashabiki yalianza kushuka milimani tangu asubuhi, ngoma zikilia juu yake. Kufika saa tisa hapakuwa na pa kutia mguu. Watu walipanda juu ya ukuta, wengine juu ya paa la choo, na askari walipowashusha huku, walipandia kule.

Maumere walitangulia kufunga. Ende wakasawazisha kipindi cha pili. Zikiwa zimebaki dakika chache, mpira wa krosi ukatoka kulia, beki akaukosa, na Marsel, mshambuliaji mdogo mwenye mbio kama za paka aliyekanyagwa mkia, akaupiga kwa nguvu zake zote. Mpira ukapita nje ya mlingoti. Pale pembeni wavu ulikuwa umechanika. Mpira ukaingia kwenye lile tundu, ukajikunja ndani, ukatulia kwenye kona ya goli kama uliokuja kwa mlango wa mbele.

Refa alikuwa amezibwa na miili. Alipochungulia aliuona mpira wavuni, akapuliza filimbi na kunyoosha mkono katikati ya uwanja. Mshika kibendera naye akakimbilia katikati.

Ende ikalipuka. Watu wa juu ya choo walianguka pamoja na mabati yao.

Benchi la Rofinus lilikuwa upande uleule. Aliona wavu ukivimba kwenda ndani badala ya kuvimba kwenda nje. Aliona vizuri, na alielewa alichoona. Lakini filimbi ilipolia magoti yake yalikunjika yenyewe, akajikuta ameinamia nyasi, na mdomo wake ukisema, "Asante, Bwana. Asante, Bwana."

Aliponyanyua kichwa, wachezaji wa Maumere walikuwa wamemzingira refa, wakimwonyesha tundu kwa vidole. Refa aliwasukuma, akatazama huku na huku, macho yake yakatua kwa Sipri. Sipri alikuwa amesimama karibu na mlingoti, peke yake, wenzake wote wakiwa wamelaliana juu ya Marsel.

"Nahodha," refa akamwita. "Wewe ulikuwa hapa. Umeonaje?"

Sipri alijifuta jasho kwa jezi. Maneno hayakufika jukwaani, ila kidole chake kilionekana na kila mtu: alikinyoosha kuelekea lile tundu.

"Umepita pembeni, mzee. Pale palipochanika."

Refa akalifuta goli. Mpira ukaenda mpaka muda wa nyongeza, kisha penalti. Sipri alifunga yake. Marsel alipiga juu. Kombe likapanda lori kwenda Maumere.

Kuanzia siku ile Sipri alipata jina jipya: Bwana Shahidi. Stendini abiria walimpita na kupanda pikipiki za wenzake.

"Mimi na wewe? Thubutu!" mama mmoja muuza mboga alimwambia watu wakisikia. "Askari akitusimamisha, utamwambia mwenyewe kuwa breki hazishiki!"

"Mama, breki zangu zinashika."

"Haya, kaape kwa refa."

Watu wakaangua kicheko. Siku nyingine alikuta kiti cha pikipiki kimepakwa matumbo ya samaki. Alikiosha, akarudi kwenye foleni.

Jumapili padri alizungumzia fainali katika mahubiri. Alisema kuna vikombe vinavyoshika kutu na vikombe visivyoshika kutu. Alisema mti hujulikana kwa matunda yake, na tunda lile la Jumamosi lilikuwa na mkulima, na mkulima ameketi humuhumu kanisani. Vichwa vikageuka. Mke wa Rofinus alimfinya mkono kwa furaha. Rofinus alikaza macho kwenye mishumaa, shingo ikimchoma kama aliyekaa jua kali. Nje ya kanisa mwandishi wa gazeti alimdaka.

"Mwalimu, kijana alifuata mafundisho yako?"

"Ndiyo," Rofinus alisema. "Kwetu ukweli unatangulia."

Gazeti likaandika hivyo, na picha yake kando.

Kumbe ndani alikuwa akitokota. Kila alipofumba macho aliona kidole cha Sipri. Alijiuliza kidole kile kilikuwa na haraka gani. Refa angeweza kuambiwa "sikuona." Neno moja tu, tena neno dogo. Halafu alikumbuka kwamba yeye ndiye aliyewakataza maneno madogo ya namna hiyo, na hasira ikazidi, kwa sababu haikuwa na mahali pa kwenda.

Wiki iliyofuata mwenyekiti wa kamati ya timu alimtembelea, akanywa kahawa, akasifu mihogo ya shambani, ndipo akasema lililomleta.

"Mwalimu, hakuna anayesema kijana alikosea. Nani atasema hivyo baada ya padri? Tunachosema ni kwamba watu wana machungu. Kitambaa apewe mwingine, mambo yapoe."

Rofinus alingoja moyo wake ukatae. Haukukataa. Alisikia nafuu, kama mtu aliyefunguliwa mkanda baada ya shibe.

Siku ya mazoezi alitangaza kwamba nahodha sasa ni Goris, kipa. "Nahodha anahitaji timu iliyo nyuma yake," alisema, na hakumtazama yeyote.

"Sawa, Kocha," Sipri akajibu. Alikimbia mizunguko yake, akafanya mazoezi yote, akaaga. Kesho yake hakuja. Wala siku iliyofuata.

Usman alikuja nyumbani mchana mmoja na samaki wawili mkononi. Mke wa Rofinus aliwapika kwa mchuzi mchachu, akawawekea na mihogo ya kuchemsha. Walikula ukumbini, na Usman alimaliza kwanza kichwa cha samaki, ndipo akauliza.

"Umemvua Sipri kitambaa kwa nini?"

"Kamati..."

"Kamati haichezi mpira. Nakuuliza wewe."

"Wachezaji hawamtaki tena."

"Mchezaji gani amekwambia? Mtaje." Usman alisukuma sahani kando. "Rofi, mimi na wewe tunakaa benchi moja. Ulichokiona wewe ndicho nilichokiona mimi. Kisha nikakuona ukipiga magoti."

Rofinus aliacha kutafuna.

"Sikulaumu kwa magoti," Usman akaendelea. "Mimi mwenyewe niliruka mpaka kiatu kikanitoka, mpaka leo sijakipata. Lakini mimi sikuwahi kumhubiria mtu. Wewe umewasomesha watoto wa watu miaka yote hii, amepatikana mmoja wa kuonekana amesoma, unamfukuza shule."

"Sikumfukuza."

"Haya. Amekwenda sokoni, atarudi."

Alinawa, akamshukuru shemeji yake kwa chakula, akaondoka bila kumuaga mwenyeji.

Rofinus alikaa na jambo hilo siku mbili. Ya tatu alitoka shuleni, akapitiliza mpaka kwao Sipri, nyumba ya matofali yasiyopakwa rangi chini ya mlima. Sipri alikuwa uani anaosha pikipiki, suruali ameikunja hadi magotini. Alimletea kocha kigoda, akaendelea kusugua.

"Nimekuja kukurudishia kitambaa," Rofinus alisema.

"Mpe Goris, Kocha. Anakipenda. Mkewe kanambia analala nacho."

"Sipri, nisikilize. Nilikukosea. Wewe ulifanya nililokufundisha, nami nikakuadhibu kwa..."

Sipri akacheka, si kwa ubaya. "Kocha, usijitwishe. Siku ile wala sikukumbuka mafundisho."

"Ulikumbuka nini basi?"

"Refa aliniuliza." Alikamua kitambaa cha kuoshea. "Asingeniuliza ningenyamaza. Hapo nilipokuwa nimesimama nilikuwa najiambia, Sipri, nyamaza, kombe hilo. Naapa. Ningenyamaza, tungelibeba, na mimi ningecheza barabarani kama wengine. Lakini mzee wa watu kaja, kaniangalia usoni, kaniuliza. Mtu akikuuliza usoni, utamwambia nini?"

Rofinus alikuwa amekuja kumwomba radhi mtakatifu, akamkuta dereva wa bodaboda mwenye povu viwikoni.

"Mafundisho yako ni mazuri," Sipri akaongeza, kama anayempoza mgonjwa. "Nayapenda. Ila siku ile hayakuja."

"Hata kwangu hayakuja," Rofinus alisema.

Sipri akaacha kusugua, akamtazama. Rofinus akamweleza alichokiona kutoka benchini.

"Ah," Sipri akasema. "Basi tulikuwa wengi."

"Utarudi?"

"Kucheza nitarudi. Mama amechoka kuniona hapa jioni. Kitambaa sikitaki."

Alirudi. Siku ya kwanza ya kurudi kwake Rofinus hakupanga duara. Aliwaketisha wachezaji kwenye nyasi, naye akabaki amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Usman alikuwa kando, anajaza mipira upepo.

"Siku ya fainali," alisema, "niliuona mpira ulivyoingia. Niliuona kabla refa hajapuliza. Nikapiga magoti nikashukuru. Halafu nikamvua nahodha unahodha kwa sababu alisema kile ambacho mimi nilikuwa nakijua. Nimeona mlisikie kwangu."

Wa kwanza kujibu alikuwa Marsel, akichuma majani bila kuinua uso.

"Kocha, mpira niliupiga mimi. Unadhani sikuona?"

"Hata mimi niliona," mwingine akasema. "Nilikuwa nyuma yake."

"Na mimi."

"Mimi sikuona," Goris akasema, "goli langu lilikuwa kule mwisho. Ila nilimwona Marsel anakimbia kushangilia huku anatazama nyuma kama mwizi wa kuku. Nikajua tu."

Kicheko kikaanzia kwa Usman, pampu ikamwanguka, kikawakumba wote, Marsel akarushiwa majani na viatu. Rofinus alitaka kulisema jambo la mwisho, zito, alilokuwa ameliandaa njia nzima. Akaona halina nafasi. Akapuliza filimbi, wakaanza kukimbia.

Msimu uliofuata Goris alibaki na kitambaa, Sipri alicheza katikati. Walifika nusu fainali, iliyochezwa milimani Bajawa, kwenye baridi na ukungu, wakafungwa goli halali lisilo na la kuuliza. Kamati ikamuaga Rofinus kwa hotuba fupi ya shukrani, timu ikapewa kocha kijana kutoka Kupang, mji mkuu wa mkoa. Mkewe aliumia kuliko yeye. Alikataa kumsalimia mwenyekiti kanisani mpaka Pasaka.

Mwaka wa pili yake, chini ya kocha wa Kupang, Bintang Iya wakalibeba kombe. Kijana yule aliwaombesha ushindi kwa sauti, na tena kwa spika. Rofinus alikuwa jukwaani, amebanana na Usman, akapiga kelele tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, Sipri alipotoa pasi ya goli, Goris alipopangua penalti, hata pale ambapo hapakuwa na la kupigia kelele. Sauti ikamkauka kabisa. Jumatatu aliingia darasani, akaandika somo ubaoni, akafundisha kwa ishara.