Bei ya Vikapu vya Jumwa

Jumatano hiyo ya mwaka 1998 Jumwa alitandika turubai lake sokoni Ukunda, baina ya Kahindi muuza muhogo na fundi wa viatu, akapanga juu yake vikapu kumi na viwili vya ukindu. Kusuka kimoja kulimchukua siku nne, mbali na siku ya kukata ukindu kule kwao Kinango na nyingine ya kuuanika. Alikiuza shilingi mia tatu.

Vikapu vya Jumwa vilikuwa hivi: bei ikishuka, uzito hupanda. Kwa mia tatu, mtu alikining'iniza kidoleni. Kwa mia mbili na hamsini, kilikuwa kama kimejaa mahindi. Watu wa Ukunda walilijua jambo hilo, nao walipatana bei kwa kupima umbali wa nyumbani. Anayekaa nyuma ya soko aliomba apunguziwe hamsini. Anayerudi Msambweni alilipa kamili.

Saa nne alifika Austine, mtu wa bara aliyekuwa akitembeza wageni wa hoteli moja ya Diani. Alikuwa na Mjerumani mwenye kofia pana na kitabu cha safari. Kitabu kilimwelekeza mgeni kwamba akitajiwa bei, ajibu kwa theluthi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Mgeni anasema mia."

"Mwambie kwa mia hakibebeki."

Austine alimwambia mgeni maneno mengine, mgeni akacheka.

"Mama, biashara imekufa, unaona mwenyewe. Mwachie huyu, wiki ijayo nitakuletea kumi."

"Na hao kumi watataka kwa ngapi?"

Austine alimnyooshea noti ya mgeni.

Jumwa alikuwa hajauza kitu kwa wiki tatu, na mvua kubwa zilikuwa zimeozesha mahindi yote shambani. Akaipokea noti ya mia, akasogea kando.

"Haya. Na achukue."

Mjerumani alivuta kikapu kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili. Kikapu hakikutikisika. Mshikio haukukatika pia, kwa kuwa Jumwa hakuwahi kusuka mshikio wa kukatika. Kahindi aliacha muhogo wake, akaita wenzake watatu, wakakibeba wanne hadi kwenye gari la hoteli, wakipumzika mara mbili njiani. Gari liliinama nyuma. Mgeni akampa kila mmoja mia. Hao hakupatana nao, maana kitabu hakikusema lolote juu ya mahamali. Alipanda garini akiwa ameridhika sana na bei ya kikapu.

Jumwa aliitazama ile noti. "Mia nne za kubeba," alimwambia Kahindi, "na mia ya kusuka. Leo ndiyo mara ya mwisho."

Wiki iliyofuata Austine alirudi bila wageni. Alikuja na lori na mahamali wanane. Duka la hoteli lilitaka vikapu vyote kumi na kimoja, kwa themanini kila kimoja.

"Mia tatu," alisema Jumwa.

"Mama, bosi anajua ni vizito. Ndiyo maana ametuma lori."

"Lori na watu wanane ni pesa ngapi?"

Austine alitaja. Zilipita bei kamili ya vikapu vyote, na zikabaki.

"Basi anipe mimi hizo, nitamletea mwenyewe. Kichwani, vyote kwa safari moja."

"Nilimwambia. Anasema pesa za mahamali anazo, za vikapu hana."

"Basi dukani kwake na auze mahamali."

Fundi wa viatu alicheka mpaka akaangusha nyundo. Austine hakucheka. Alimsihi Jumwa mpaka adhuhuri, kwanza kwa ajili ya bosi, kisha kwa ajili ya kazi yake mwenyewe na wanawe watatu. Jumwa alimsikiliza, akamnunulia muhogo wa kuchoma, wakala pamoja. Bei haikuteremka hata kwa shilingi. Alasiri lori liliondoka tupu, mahamali wakiwa wamelipwa kutwa nzima.

Jumatano iliyofuata lori lilirudi, safari hii na mahamali kumi. Bei ya bosi ilikuwa imeshuka hadi sabini. Jumwa aliitikia shikamoo ya Austine, akamsogezea kigoda, akaendelea kusuka.