Penalti Ambayo Fundi Hakuiona

Timu ya taifa ilipofungwa tatu bila ugenini, fundi wa kutengeneza makochi ya sebuleni alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele ya televisheni. Ilipofungwa mbili kwa moja nyumbani, alikuwa amekaa palepale. Mechi ya tatu hakuiona, maana alipeleka kochi kwa mteja na mteja akamshika kwa ubishi kuhusu rangi ya kitambaa. Timu ikatoka sare ya bila kufungana, na kipa akasifiwa. Mechi ya nne fundi aliwahi kurudi, akaoga, akakaa. Wakapigwa nne kwa moja, na goli la mwisho likapita katikati ya miguu ya kipa taratibu, kama kuku anayeingia jikoni.

Kipa mwenyewe alikuwa mwanawe.

Mkewe alisema kesho yake asubuhi, akimimina chai.

"Baba Mikono, nimefikiri sana. Ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Ukiangalia tunafungwa. Usipoangalia hatufungwi."

"Mimi nina macho tu, mama Mikono. Sina mguu wa kumfunga mtu goli."

"Sijasema una mguu. Nimesema usiangalie."

Mikono lilikuwa jina la utani la mtoto wao tangu udogo, alipokuwa akidaka mipira ya vipande vya sponji karakanani. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa kujivunia. Baada ya ile nne kwa moja wakaanza kumwita Mlango Wazi, na wa kwanza kulitamka alikuwa kinyozi wa jirani, mdogo wake mama Mikono.

"Shemeji, jina hilo usiniletee hapa," fundi alimwambia.

"Mimi ni mjomba wake. Nina haki ya kumtania."

"Mtanie akiwa amekaa kwenye kiti chako cha kunyolea. Akiwa hayupo unamsengenya tu."

Kinyozi alicheka, lakini hakulirudia mbele yake.

Kulikuwa na desturi kati ya baba na mwana. Kila baada ya mechi Mikono alipiga simu. Watu wa redio walisema mengi, kocha alisema machache, lakini yeye alitaka la baba yake, na baba yake hakujua kupamba maneno. "Unaruka mapema," alimwambia kila mara. "Mpira haujapigwa, wewe umeshalala chini. Unamwonyesha mtu pa kupiga. Simama, subiri." Mikono alisema sawa baba, na mechi iliyofuata akaruka mapema tena. Hata hivyo aliendelea kupiga simu. Alijua kwamba baba yake hajawahi kumpa neno la kuokota barabarani. Alichosema alikuwa amekiona kwa macho yake.

Ijumaa kabla ya mechi ya tano simu ililia.

"Baba, kocha amesema nikiharibu hii, mwenzangu ndiye atakayesimama golini. Jumapili uangalie vizuri. Uniambie wewe, sitaki kusikia kwa wengine."

"Nitaangalia," fundi alisema.

Mama Mikono alisikia akiwa jikoni. Akatoka na sahani mkononi.

"Utaangalia nini?"

"Mtoto ameomba."

"Mtoto hajui. Sisi ndio tunaojua. Unataka apoteze nafasi yake kwa sababu ya ubishi wako?"

Fundi aliuchukua ule mzigo wa maneno akaenda nao kitandani. Hakuamini mambo hayo. Kwenye kazi yake kitu hakiharibiki bila sababu. Kochi likibonyea, kuna springi iliyokatika au kuna mtu mnene nyumba ile. Lakini alifikiria pia itakuwaje akiangalia kisha wafungwe. Angeishi na mwanamke huyu mpaka mwisho wa maisha yao, na angekumbushwa kila timu inapocheza. Na kulikuwa na kitu kingine ambacho hakukipenda ndani yake. Alikuwa anaogopa kidogo. Je, kama kweli ni yeye?

Jumapili jioni akaingia karakanani nyuma ya nyumba, akafunga mlango. Mama Mikono alimfuata, akaichukua redio kwenye rafu na kutoa betri.

"Hata redio?"

"Redio nayo ni kuangalia, kwa masikio."

Akabaki na kochi la mteja, nyundo na misumari midogo. Alivuta kitambaa, akapiga msumari, akavuta tena. Mtaa ulikuwa kimya kwa namna ya mtaa ambao watu wote wako ndani. Mara kwa mara sauti moja ndefu ya kuguna ilitoka kila dirisha, ikafa. Fundi alijaribu kuisoma. Tumekosa sisi, au wamekosa wao? Akagundua amepigilia kitambaa kinyume, maua yakiangalia chini. Akang'oa.

Kisha zikaja kelele ambazo hazikuhitaji kusomwa. Watu walipiga mabati, kinyozi akapita uchochoroni akikimbia bila sababu yoyote. Tumepata goli, fundi akajisemea. Akakaa juu ya sponji, akatabasamu peke yake. Moyoni akakubali kukaa karakanani maisha yake yote, ikiwa bei ndiyo hii.

Baadaye mtaa ukanyamaza, na safari hii haukuguna wala kupiga kelele tena.

Mama Mikono akaingia bila kubisha hodi. Akakaa kwenye kochi la mteja, mahali ambapo kitambaa hakijafika.

"Tumefungwa. Moja bila. Dakika za mwisho."

"Sijaangalia," fundi alisema haraka.

"Najua. Nilikuwa nakuja dirishani kukuchungulia, nihakikishe. Goli lenyewe sikuliona, nilikuwa nakutazama wewe unapigilia misumari." Akaokota msumari sakafuni. "Kumbe siyo wewe."

"Na zile kelele?"

"Alidaka penalti."

Fundi alimtazama mkewe. "Mikono kadaka penalti?"

"Kadaka. Sijawahi kuona kitu kama kile."

Simu ikaanza kulia juu ya meza ya kukatia. Jina la mtoto likawaka. Fundi alinyoosha mkono, akaurudisha.

"Pokea," mama Mikono alisema.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie alidaka vizuri."

"Sikuona. Leo amefanya jambo kubwa la kusifiwa, na mimi niko huku napigilia maua kichwa chini. Siwezi kumsifia kwa kusikia. Atajua."

Simu ikakatika. Mama Mikono alimtazama muda mrefu, na usoni pake fundi aliona kitu ambacho hakukizoea, mwanamke anayetafuta namna ya kurudisha alichochukua. Akainuka. Akavuta sponji mbili kubwa, akazitandika sakafuni kati ya kochi na kabati. Akakaza nguo kiunoni.

"Hii ndiyo milingoti," akasema akionyesha kochi na kabati. "Wewe ni mpigaji. Chukua kitu upige."

Fundi aliokota bonge la vipande vya sponji, akalifunga kwa kamba.

"Mama Mikono, utaumia."

"Piga. Ila kwanza uje na zile hatua za madaha, kama yule mchezaji wao."

Akaja kwa madaha. Mkewe hakutikisika. Alisimama, magoti yamekunjwa kidogo, macho kwenye mguu wa mumewe. Fundi akasitasita, naye bado amesimama. Fundi alipopiga, ndipo mkewe aliporuka kushoto, akaangukia bega, mpira ukagonga kiganja chake na kwenda kwenye mapipa ya gundi.

"Alifanya hivyo?" fundi aliuliza.

"Hivyo hivyo," alisema kutoka chini, akihema. "Alimsubiri. Yule mtu alibabaika mpaka nikamwonea huruma."

Fundi akamsaidia kuinuka. Kisha akapiga simu mwenyewe.

"Baba. Uliangalia?"

"Sikuangalia. Mama yako aliamua nina mkosi, nami nikamkubalia. Kosa ni langu, nilikuahidi. Lakini amenionyesha hapa ile penalti. Hukuruka mapema."

Sauti ya upande wa pili ikatoka nzito kidogo. "Sikuruka mapema, baba."

"Kocha amesemaje?"

"Amenishika bega akapita. Sijui maana yake. Mama amerukaje?"

"Vibaya. Kaangukia bega."

Mikono alicheka, na mama Mikono naye akacheka, akijisugua.

"Na lile goli, baba? Nilikosea wapi?"

"Hilo hakuna aliyeliona nyumba hii. Niambie wewe."

Mikono akaanza kueleza, pole pole, alikuwa amesimama wapi, beki alikuwa wapi, na kwa nini alichelewa kutoka. Hakumlaumu beki. Fundi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

Walipomaliza, mama Mikono alikuwa mlangoni akitazama sebuleni.

"Mechi ijayo utakaa ndani," alisema. "Lakini kile kiti chako. Nimekitilia shaka muda mrefu."

Fundi akaenda, akakileta karakanani, akakigeuza miguu juu. Akachukua koleo, akaanza kung'oa misumari.