Mstari wa Glasi

Binti yao ndiye aliyewalipia safari: nauli, chumba cha kulala, na chakula cha jioni katika mgahawa ambao, kwa maneno yake, ni mzuri na bei yake haiumizi. Wazee wengine wangeshukuru wakanyamaza. Baba yake alishukuru, kisha akashinda kutwa akijiuliza mgahawa mzuri wa katikati ya jiji unawezaje kuwa na bei isiyoumiza. Mtu aliyekuwa mkaguzi wa vipimo sokoni mpaka akastaafu, akakamata mizani zenye sumaku na madebe yaliyobonyezwa kitako, haamini kitu rahisi hata akiapiwa. Sokoni walimwita Bwana Mizani, na jina hilo alilipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho.

Kabla hawajatoka chumbani mkewe alikaa kitandani, viatu mkononi.

"Baba watoto, nisikilize. Mara ya mwisho tulipokula nje tulitolewa mlangoni, supu yangu nimeiacha inafuka moshi. Leo ukianza kumkagua mtu, nasimama naondoka. Kesho narudi nyumbani peke yangu, na sitatoka nawe tena popote, hata kwenye harusi."

"Nimemkagua nani mimi?"

"Dereva wa teksi. Mpaka akatuomba tushuke."

"Si alikuwa anatuzungusha!"

"Mimi nimeshasema," alijibu mkewe, akavaa viatu.

Bwana Mizani aliingiwa na woga wa kweli. Mkewe hakuwa mtu wa vitisho vya bure, na uzee bila yeye hakutaka hata kuuwaza. Akajiapiza kwamba leo atakula kama watu wengine wanavyokula.

Lakini mazoea yana taabu. Hawajakaa vizuri, tayari ameshaona kwamba taa ni hafifu, na taa hafifu huwekwa na mtu mwenye la kuficha. Mhudumu, mwanamume wa makamo mwenye kipara na aproni nyeusi, aliwakaribisha kwa tabasamu pana. Kwa nini anacheka sana? Bei kwenye karatasi ya mezani kweli zilikuwa za chini, na samaki alipoletwa alikuwa mkubwa, amezidi sahani kichwa na mkia. Hilo nalo lilimtia wasiwasi. Mtu akikupa kikubwa hapa, ujue amekukata pale.

Pale penyewe alipaona mara moja. Chakula kile kilikuja na glasi mbili za mvinyo mwekundu, na kila glasi ilikuwa na mstari mwembamba mweupe wa kuonyesha mvinyo unapaswa kufika wapi. Mtu mwingine angedhani ni pambo. Bwana Mizani aliinama mpaka jicho lake likawa sawa na mstari. Mvinyo wake ulikuwa umeishia chini, upungufu wa unene wa kidole.

"Mama," alinong'ona.

"Mh."

"Haujafika."

"Nini hakijafika?"

"Mvinyo. Wamenipiga changa la macho, hivi hivi naona."

Mkewe aliweka uma chini, akavuta pumzi. Kisha akasema kwa sauti tulivu, "Hebu kwanza. Ule ubao wa bei pale mlangoni pa jikoni, umeandikwa sawa na hii karatasi? Macho yangu hayafiki."

Swali kama hilo kwake lilikuwa sawa na kumpa mtoto pipi. Akainuka, akasimama mbele ya ubao na karatasi mkononi, akasoma mstari kwa mstari. Bei zilikuwa sawa, mpaka senti. Alirudi amevunjika moyo kidogo.

Akaketi, akatazama glasi yake. Mvinyo ulikuwa juu ya mstari.

Mhudumu mwenye kipara ndiyo kwanza anaondoka mezani, na mkononi ana jagi la maji.

Alijaribu kujizuia, tusimwonee. Alikula samaki, akasifia limau, akauliza habari za wajukuu ambao habari zao alikuwa nazo zote. Akaonja mvinyo, akaona mwepesi. Akaonja tena, akaona mwepesi zaidi. Wauza maziwa wangapi amewakamata kwa mchezo huu huu? Na sasa mhudumu yule alikuwa kaunta, ameinama sikioni mwa mama mwenye mgahawa, wanacheka. Wanamcheka nani?

"Kaa chini," alisema mkewe.

Lakini Bwana Mizani ameshasimama. "Mama mwenye mgahawa! Hebu njoo huku!"

Mwenye mgahawa alikuja mbio, miwani inaning'inia kifuani. Bwana Mizani akaeleza kwa sauti ile ya sokoni, ya kumfanya kila mtu asikie: mvinyo ulikuwa chini ya mstari, yeye akaenda kusoma ubao, karudi kaukuta juu. "Na mvinyo si mche, mama, hauoti. Huyu kaniongezea maji."

Mwenye mgahawa akamgeukia mhudumu.

"Ni kweli?"

"Haki ya Mungu, mama, maji nimetia kwenye glasi za maji tu."

"Nilishakwambia habari ya maji kwenye mvinyo nikiisikia hapa, sina mjadala. Vua aproni."

Mikono ya mhudumu ilikwenda nyuma kutafuta fundo, fundo halifunguki. Bwana Mizani alihisi ile raha ya zamani ikimpanda kifuani. Kisha akamkumbuka mkewe, raha ikakatika. Akageuka.

Mkewe hakuwa amesimama. Alikuwa anaitazama glasi yake.

"Mwacheni," alisema. "Ni mimi. Nimemwongezea kutoka kwangu."

Hapo ndipo Bwana Mizani alipoitazama glasi ya mkewe, kwa mara ya kwanza jioni ile. Mvinyo ulikuwa chini kabisa ya mstari, na ukingoni hapakuwa na alama hata kidogo ya rangi ya mdomo. Hakuwa ameonja.

"Kwa nini?"

"Ili unyamaze. Nilitaka kumla samaki wangu mpaka mwisho." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Unadhani nimeanza leo? Nyama uliyokuwa unaipima upya ukirudi kazini, ukajisifu kwamba muuza nyama anakuogopa. Nilikuwa naongeza kipande kabla hujafika, kwa hela zangu za ushonaji."

"Kila siku?"

"Siku alizopunja."

"Kwa hiyo alikuwa anapunja kweli!" Neno limemtoka kabla hajalishika.

Mkewe akachukua mkoba wake, akasimama.

Aibu ilimshika Bwana Mizani. Maisha yake yote alikuwa amelinda kipimo chake, na mtu aliyekaa naye meza moja amepunjwa mbele ya macho yake, na aliyempunja ni yeye.

"Kaka, nisamehe," alimwambia mhudumu. "Funga aproni yako."

Akachukua glasi yake, akaimimina ndani ya ile ya mkewe. Mvinyo ulifika kwenye mstari, ukaupita, yeye anamimina tu, mpaka ukafurika ukaloanisha kitambaa cheupe.

"Umezidisha," alisema mkewe.

"Najua."

Mkewe alibaki amesimama, mkoba mkononi, anatazama doa likitambaa.

"Samaki wangu amepoa."

"Nitaagiza mwingine."

"Bila kuangalia bei?"

Bwana Mizani alivuta kiti cha upande wa pili, akaketi akiupa ubao wa bei mgongo, akasubiri kuona kama mkewe atakaa.