Skrubu ya Adelard

Mie nina hasira za karibu, watu wangu wananijua, na hakuna kitu kinachonipandisha mori kama injini ndogo inayokataa kuwaka bila sababu. Jumamosi ile, barazani kwa marehemu Adelard pale Kimara, nilishavuta kamba ya kuwashia mpaka bega linauma, na kigari chake cha rimoti kimenikalia kimya.

Mjane wake, Kokuberwa, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akinitazama. Aliniita kutoka Kipawa kwa jambo moja tu. Ukoo ulipogawa vitu vya marehemu, kigari alipewa mtoto wa kaka yake Adelard kule Bukoba, wajina wa marehemu, na Kokuberwa mwenyewe alikubali. Kaka mtu anaondoka nacho kesho.

"Shemeji Romani, kiende salama," alisema. "Ila kabla hakijaenda, nataka nikisikie mara moja."

Mie na Adelard tulikuwa tunakimbiza vigari hivi Jumapili baada ya misa. Ni vidogo, unabeba kwapani, lakini vina injini ya kweli inayokunywa mafuta yake maalumu. Cha Adelard kilikuwa na ugonjwa wake. Skrubu ya kupimia mafuta aliilegeza mno, kwa hiyo kikiwashwa kinakohoa kwanza, kinafuka moshi, ndipo kinashika. Kila siku namwambia, "Braza, kaza hiyo skrubu, unapoteza mafuta bure." Yeye ananijibu, "Kiache kikohoe, ndo salamu yake." Tuligombana sana kwa ajili ya skrubu ile. Sasa hivi natamani tugombane tena, hata siku nzima.

Basi, nilianza na plagi. Nikaifungua, nikaipachika kwenye kiwashio, ikawaka nyekundu vizuri. Nikairudisha. Nikaziba ekzosi kwa kidole na kuvuta kamba, mafuta yakapanda kwenye mrija hadi kwenye kabureta. Nikavuta tena na tena mpaka nikajua nimekizidishia mafuta. Nikatoa plagi, nikakipindua tumbo juu, nikavuta, mafuta yakaruka yakanilowesha shati. Nikafunga plagi, nikavuta. Wapi.

Nikachukua bisibisi.

"Usiiguse hiyo skrubu," Kokuberwa akasema.

"Shemeji, hii ndo ishu yenyewe. Nikiikaza kidogo tu, kinawaka."

"Aliyeigusa mwisho ni yeye. Ukiikaza nitasikia kigari chako wewe. Chako nimeshakisikia sana."

Nilikuwa na jibu baya mdomoni. Halafu nikamwangalia, nikakumbuka kwamba kesho hata hiki hatakuwa nacho. Nikaweka bisibisi chini.

Nikanyanyua chupa ya mafuta ya Adelard niongeze kwenye tangi, na hapo nikagundua kifuniko hakijakazwa. Kimewekwa juu juu tu. Adelard alikuwa mzembe wa skrubu, sio wa chupa. Mafuta yale yana spiriti ndani, yanavuta unyevu wa hewani, na hewa ya Dar unaijua mwenyewe. Chupa ikiachwa hivyo, mafuta yanaingia maji na injini haishiki hata uivute mpaka kesho kutwa. Yeyote aliyewahi kumiliki kigari cha namna hii anakaza kile kifuniko kabla hajafunga mlango wa nyumba yake.

"Nani anachezea hii chupa?" Nilifoka kabisa.

Kokuberwa akatazama sakafu. "Mie," akasema. "Jioni nafunguaga kidogo, nanusa. Mashati yake yamegawiwa, na yaliyobaki nilishayafua bila kufikiri. Hiyo ndo harufu anayorudi nayo Jumapili, shemeji. Sina nyingine."

Hasira zikaniishia. Nikabaki nimeshika chupa, sijui hata niiweke wapi.

Nikamwambia taratibu kwamba skrubu haina kosa, ni mafuta yamechoka. Kwenye begi langu nilikuwa na chupa yangu, ambayo muda wote sikuona sababu ya kuitoa. Nikamwaga yaliyokuwa kwenye tangi, nikajaza yangu, nikaifuta plagi. Skrubu nikaiacha palepale alipoiacha mwenyewe.

Nikavuta, kikakohoa. Nikavuta tena, kikakohoa vilevile kama zamani, moshi ukajaa barazani, kisha kikashika na kulia kwa ule mlio mzito mbaya ambao nimeulalamikia miaka yote. Mbwa wa jirani akaanza kubweka kama kawaida yake. Kokuberwa alikuwa amefumba macho.

"Abee," akaitikia, kwa sauti ndogo, kama ameitwa na mumewe kutoka nje.

Nilikishika kile kigari kikilia mpaka tangi likaisha, kikazima chenyewe. Hakuniomba niongeze.

Nilikifuta, nikakilaza kwenye boksi lake, na juu ya boksi nikaandika kwa kalamu nene, kwa ajili ya yule mtoto wa Bukoba: skrubu isiguswe. Kisha nikachukua ile chupa mbovu ili nikaimwage.

"Niachie," Kokuberwa akasema.

"Haiwashi kitu tena hiyo, shemeji."

"Najua."

Akaipokea, akafungua kifuniko, na kabla hajanusa akaninyooshea mie kwanza, kama anavyokaribishwa mgeni. Nikanusa. Ni harufu ileile iliyokuwa kwenye begi langu na kwenye shati langu siku zote, wala sikuwahi kuijali. Nilimmisi braza yule mpaka nikakaa chini sakafuni.