Sufuria Iliyopika Siku ya Sabato

"Inatangazwa kwa wakazi wote wa nyumba hii, na kwa wageni wao, kwamba kuanzia Sabato ijayo maharagwe yatajipika yenyewe. Mtu yeyote asiguse kitufe."

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa jiko na Phanice, mwenye nyumba, ambaye hakuwa mtu wa mzaha. Alikuwa muuguzi mjini Kisii, akiishi Nyanchwa na mumewe Jasper na watoto wawili, mkubwa akiwa Nyanchera. Mwishoni mwa Novemba angefanya mtihani wa kuhudumia wagonjwa mahututi. Alikwisha kuufeli mara moja; akiufeli tena, nafasi yake ingepewa mwingine. Wala hakufeli kwa ujinga. Kichwa chake kilikuwa ghala la mambo madogo: maji yamefika wapi kwenye tangi, gesi imebaki kiasi gani, sare ya nani haijafuliwa.

Basi akayatoa humo moja baada ya jingine, kwa utaratibu unaostahili heshima. Tangi akalitia boya la kuzima pampu lijaapo. Taa za nje zikajiwasha giza liingiapo. Simu ikakabidhiwa kazi ya kukumbuka gesi na sare. Ikabaki Ijumaa, siku yake pekee ya mapumziko mbali na Sabato, iliyoishia jikoni yote kwa kuwa kwa kanisa lao Sabato huanza Ijumaa jua likitua, kazi zote zikikoma, na chakula chake sharti kiive kabla ya hapo. Hapo ndipo aliponunua sufuria ya umeme yenye saa. Ijumaa unaipakia kwa dakika kumi. Jumamosi saa tano inajiwasha. Mkirudi kanisani mnakula. Ijumaa ya kwanza Phanice alisoma saa nne mfululizo, jambo ambalo hata vitabu vyenyewe havikulizoea.

Sabato hiyo mama mkwe wake, Bosibori, alikuwa amekuja kutoka kijijini Ikonge, kwenye shamba lake la chai. Alisimama mbele ya sufuria iliyokuwa ikifoka mvuke.

"Mama Nyanchera, nani anapika?"

"Hakuna anayepika, mama."

"Kwa hiyo tutakula kibichi?"

"Kimeiva, mama. Nilikipanga jana, jua likiwa bado juu."

"Na mimi nikimtuma mtu jana aje anichumie chai leo, nani amevunja Sabato?"

Jasper akacheka. "Kwani majani yako ya chai hayaoti Sabato, mama?"

"Yanaota. Lakini hayanukii vitunguu."

Akala sahani mbili. Akakiri kwamba maharagwe yalikuwa laini kuliko yake ya miaka arobaini, na kwamba akili iliyopanga jambo hilo haikuwa ya kawaida. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwadilifu hata akiwa ameshiba, akalifikisha suala kwa wazee wa kanisa.

Walikutana Jumapili, chini ya uenyekiti wa Mzee Mokua. Phanice alieleza kwamba haombi ruhusa ya kufanya kazi Sabato. Anaomba Ijumaa zake asome. Mzee Mokua akauliza kama sufuria hiyo inaweza pia kupika wali. Baada ya saa mbili karani akasoma azimio:

"Kikao kinaipongeza familia kwa ubunifu. Sufuria haijaruhusiwa wala haijakatazwa. Imeundwa kamati ndogo ya watu saba kuichunguza, nayo itakutana nyumbani kwa Phanice kila Ijumaa saa nane mchana hadi mwisho wa Novemba. Phanice atakuwa katibu wake, na ataandaa chai."