Mtu wa Radi Haguswi

Mwaka wa pili tangu Katanga ijitenge, Wakasai wengi wa Elisabethville, watu waliotoka Kasai na sasa wakiwindwa, walikwisha kukimbilia kambi ya wakimbizi, wakawa wanalala chini ya maturubai na mabati yaliyotoboka. Madame Hortense, mwalimu wa watoto wadogo, alibaki mtaani kwake, Naviundu. Kubaki kwake kulitegemea mtu mmoja tu, jirani yake Floribert, muuza makala, yaani mkaa, mzaliwa wa Lukafu, Mkatanga halisi. Vijana wa chama tawala walipokuja kuuliza Mkasai anakaa wapi, Floribert aliketi kwenye kizingiti cha Hortense na shoka mapajani, akawaambia kwamba huyu ndiye anayewasomesha watoto wake, na anayemtaka aanze na yeye Floribert. Wakaondoka. Clovis, mdogo wake Floribert, alikuwa mmoja wao. Aliondoka akitema mate.

Siku moja alasiri mawingu yalijikusanya juu ya mto, meusi kama sufuria. Hortense alikuwa barazani kwa Albertine, mke wa Floribert, na watoto walikuwa wamemkumbatia magoti. Ili kuwapunguzia hofu aliwaeleza tena kwamba umeme na ngurumo huzaliwa pamoja, ila mwanga una mbio kuliko sauti. Ukiona mwanga, hesabu. Hesabu ikifupika, radi inakaribia: toka chini ya mti, tupa jembe, ingia ndani ya nyumba. Yeye mwenyewe alihesabu kwa Kiluba cha Kasai, kama alivyofundishwa na baba yake, kwani mtu akiogopa, ulimi wake hurudi kwao.

"Umue, ibidi, isatu, inayi, itanu," alinong'ona. Ngurumo ikaitika.

Albertine akacheka. "Madame, weye unaihesabu ao unaiita?"

Clovis, aliyekuwa ameegemea ukuta, hakucheka.

Mvua ikaanguka. Floribert akatokea barabarani akisukuma baiskeli yenye gunia la makala, akajibanza chini ya mkalitusi mrefu ng'ambo ya njia. Umeme ukamulika, na hesabu ya Hortense ikakatika kwenye ibidi, ya pili. Akasimama. Mwanamke huyu, ambaye hata darasani sauti yake haikufika dawati la nyuma, alipaza sauti: atoke chini ya mti, aiache baiskeli.

Floribert alicheka akapigapiga gunia. "Makala ikilowana, madame, tutapikia maneno yako?"

Safari hii hapakuwa na nafasi ya kusema hata umue.

Gome la mkalitusi lilichanika kutoka juu hadi chini. Floribert alilala chali kwenye matope, shati likifuka moshi. Hortense alikimbia bila viatu, akapiga magoti. Kifua cha Floribert kilipanda kidogo, kikashuka, kikakaa, kikapanda tena. Chuoni alikosomea ualimu, sista muuguzi aliwafundisha namna ya kumrudishia mtu pumzi: mlaze kifudifudi, kandamiza mgongo, inua viwiko, kandamiza tena, wala usichoke. Alikuwa ameshika bega ili amgeuze, Clovis akamvuta kwa nywele.

"Muntu wa radi hagusiwe mpaka mwenye dawa afike."

Majirani wote waliokwisha kukusanyika walilijua hilo. Anayemgusa huibeba radi hadi nyumbani kwake. Hortense aliwaambia kwamba radi haibaki mwilini, kwamba imepita na kuzama ardhini, na kwamba mtu huyu bado yu hai. Clovis akamgeukia Brigitte, binti mdogo wa Floribert, akamuuliza kwa upole madame alisema nini kabla radi haijakuja.

"Umue, ibidi," mtoto akasema.

Watu wakarudi nyuma hatua moja.

Hortense alimtafuta Albertine kwa macho. "Mama Albertine, mguse wewe. Mimi nitakuelekeza kutoka hapa."

Albertine akanyoosha mkono.

"Gusa," Clovis akamwambia. "Kesho batoto bakose baba na mama."

Mkono ukarudi. Albertine aliukalia, kana kwamba ungemtoroka. Mvua ilikuwa inamwingia Floribert kinywani, naye akakohoa, kikohozi kidogo cha mtoto.

"Basi mgeuzeni hata kwa fimbo," Hortense akaomba. "Anazama."

Mtu mmoja akacheka. Fimbo haikuletwa.

Mzee Chanda, mwenye dawa ya radi, alipofika na kikapu chake, kifua kilikwisha kutulia. Alichuchumaa, akaweka kiganja shingoni, akakiacha hapo muda. Kisha akauliza ni nani aliyemwacha mtu huyu chali kwenye mvua, maana bado ana joto, na maji yamemjaa kooni.

"Mukasai huyu," Clovis akasema. "Ndiye alitukataza kumugusa."

Mzee akamtazama mjane. "Ni kweli, mama?"

Albertine aliwatazama watoto wake. Akamtazama Clovis, ambaye tangu saa ile ndiye angekuwa mkubwa wa nyumba yake, wa kumpa unga au kumnyima. Hortense alimngoja aseme. Siku zile zote za kuazimana chumvi na kusukana nywele zilikuwa usoni mwa mwalimu.

"Ni kweli," Albertine akasema.

Vijana wa chama, wenzake Clovis, wakamshika Hortense mikono yote miwili. Njia ya kwenda kambini ilikuwa matope na vioo vya chupa, na alipoomba arudi kuvaa viatu vyake, walimwambia atembee.