Dua la Otieno na Kura za Gavana

Otieno alikuwa na wivu, na tusimsitiri. Mwanamume mzima, dereva wa basi, mwenye mke na nyumba mtaa wa Perry Barr, kwa Waingereza, alikuwa akimwonea wivu gavana wa jimbo moja la Amerika ambaye hajapata kumtia machoni.

Gavana huyo ni Ronald, Mkisii kama Kemunto, mke wa Otieno. Zamani walikuwa wachumba. Ronald akaenda Amerika kusoma, akalowea huko, akapata uraia, akaingia siasa. Aligombea udiwani, akabwagwa. Akagombea ubunge wa jimbo, akapita. Akautaka ugavana, akaupata. Sasa alikuwa akitetea kiti chake, na Kemunto alikuwa amefunga kwa ajili yake, hali wala hanywi mpaka jua lizame.

Hilo ndilo lililomchoma Otieno. Yeye alipoumwa mgongo, nani alimfungia? Alipewa vidonge na supu, basi.

Jumapili, kwenye ibada ya Wakenya, ulipofika wakati wa kutaja mahitaji ya maombi, Kemunto alisimama mbele ya watu wote.

"Wapendwa, mnikumbukie ndugu Ronald. Kura ni Jumanne. Mungu amshike huko huko."

"Amina!" kanisa likaitika.

Otieno alifumba macho kuliko wote, akaomba yake: Bwana, mwangushe. Mwangushe kifudifudi, mke wangu aone.

Wahenga walisema dua la kuku halimpati mwewe. Safari hii lilimpata. Jumatano asubuhi habari zikaja: gavana ameanguka. Otieno alipiga makofi peke yake jikoni, akakaanga mayai huku akiimba wimbo wa harusi.

"Mama Tevin, kuja ukule! Kufunga si kumeisha?"

Kemunto aliteremka, macho mekundu. Akayatazama mayai, kisha akamtazama mumewe.

"Umefurahi, Baba Tevin?"

"Nisifurahi kwani ni ndugu yangu? Lia basi! Lia majirani wasikie vile unampenda."

"Wewe husikii Kiswahili? Nilisema huko huko. Akae huko huko, asinirudie! Akishinda anakuwa busy, hata hanijui. Akianguka ndio ananikumbuka. Ile mwaka alikosa udiwani alinipigia kila siku akilia, na mimi nikapack bag. Tevin akashikwa na homa, nikashindwa kumwacha."

Otieno aliukumbuka mwaka ule. Alipikiwa chapati karibu kila jioni, akajiona mwanamume anayependwa. Roho ilimuuma mpaka akashika ukingo wa meza.

"Na sasa?"

"Sasa Tevin ako uni," alisema Kemunto. "Hakuna wa kunishika."

Simu yake ikaanza kulia mezani, namba ndefu ya ng'ambo. Kemunto alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa friji.

"Shika wewe. Mimi sijiamini."

Otieno aliipokea, akaweka spika, matusi yakiwa tayari mdomoni. Lakini mwanamume wa upande wa pili hakungoja salamu. Alikuwa akilia na kusema kwa Kikisii, harakaharaka, na Otieno, Mjaluo wa watu, hakuambulia hata neno moja. Kemunto aliyasikia yote. Uso wake ulilegea, ukawa wa msichana ambaye Otieno hakuwahi kumjua.

"Anasema nini?" aliuliza Otieno. "Mama Tevin, anasema nini?"

Kemunto alinyoosha mkono, akaichukua simu.